Kipepeo Asiye wa Ziwa Hili

Mwalimu Prudencia alisimama ghafla katikati ya njia, akamkamata binti yake mkono.

"Koku. Usisogee."

Inspekta Kokulinda Rwehumbiza alipeleka mkono kiunoni kabla hajakumbuka kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili, kwamba alikuwa amevaa gauni la kanisani, na kwamba kiunoni hapakuwa na kitu. Alidhani ni nyoka. Kisiwa cha Nyamabwe kilikuwa na sifa hiyo.

"Yuko wapi?"

"Pale chini, kwenye tunda lililooza. Yule kipepeo."

Kokulinda alishusha pumzi. Mama yake alikuwa amefundisha baiolojia miaka thelathini na minne, na kustaafu hakukumtoa darasani. Walikuwa wamevuka kutoka Mwanza mjini kwa boti ya hifadhi, baada ya misa ya kwanza, kwa sababu mwalimu alikuwa amekuja kutoka Bukoba kutibiwa macho na daktari alimfungua bandeji Ijumaa. Alitaka kuona kitu, alisema, chochote ambacho si ukuta wa hospitali. Sasa alikuwa anaona kila kitu.

"Mzuri," Kokulinda alisema.

"Sikukuuliza kama ni mzuri. Mtazame."

Alimtazama. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko vipepeo wa kawaida, ametua juu ya tunda la mkuyu lililopasuka, kivulini. Mabawa yalikuwa meusi, lakini kila alipoyafungua yalitoa mng'ao wa buluu iliyoingia zambarau, na karibu na ncha palipita mshazari wa rangi ya dhahabu.

"Huyu si wa hapa," mwalimu alisema. "Nilifundisha Muheza miaka sita kabla hujazaliwa. Kule Usambara, ukiingia msituni, huyu yuko njiani kila hatua kumi. Huku Kanda ya Ziwa sijapata kumwona hata mmoja."

"Labda ameruka, mama."

"Kilomita mia saba? Huyu ni wa kivulini. Hakatizi hata uwanja wa mpira. Halafu anaishi wiki chache tu." Alimgeukia mwongozaji wao, askari wa hifadhi mwenye sare ya kijani iliyopauka mabegani. "Kijana, hawa mnao wengi?"

Askari huyo, Josephat, alikuwa na miaka kama arobaini na ndevu zenye mvi, lakini kwa mwalimu Prudencia kila mtu alikuwa kijana.

"Si wengi, mwalimu. Tumeanza kuwaona mwezi wa tisa hivi. Kabla ya hapo hatukuwahi. Wengi wako upande wa kaskazini, kule kwenye mawe makubwa."

"Basi wanazaliana. Na kama wanazaliana, mti wao uko hapa. Kiwavi wa huyu hali majani ya kila mti. Ana mti wake mmoja, na mti huo nao si wa huku." Mwalimu alitikisa kichwa. "Mtu amewaleta. Waitu, watu wanapenda kuharibu!"

Kokulinda alikuwa ameacha kumsikiliza mama yake kwenye neno Usambara.

Katika kabati la ofisi yake, jalada lenye jina la Awuor Ogweno lilikuwa limefikisha miezi minane. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara, mfanyakazi wa kikundi cha wafuga vipepeo kule Muheza. Mwezi wa tano mwaka uliopita alipanda basi kuja Mwanza. Alikuwa amebeba sanduku la mbao lenye pupa arobaini, yaani viwavi waliokwisha kujifunga na kusubiri kutoka na mabawa, pamoja na miche ya kuwalishia watakaozaliwa na mche mmoja wa ua la kule Usambara. Alikuwa amealikwa na mwenye boti mmoja wa Ilemela, Elias Shigela, aliyetaka kuanzisha bustani ya vipepeo kwa ajili ya watalii. Simu ya Awuor ilizimika basi lilipokuwa Shinyanga. Elias aliandikisha maelezo kwamba alimsubiri stendi ya Nyegezi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, na Awuor hakushuka.

Kwa kuwa simu ilizimikia Shinyanga, wapelelezi waliitazama Shinyanga. Huko walimkuta Muganyizi, mwalimu wa sekondari ambaye aliwahi kumchumbia Awuor na kuachwa. Walimweka mahabusu siku kumi na sita. Kokulinda mwenyewe alimhoji mara nne. Muganyizi alitoka bila shtaka, lakini wazazi wa wanafunzi walikwisha kusema yao, na shule haikumrudisha.

"Josephat," alisema Kokulinda. "Tupeleke huko kaskazini."

"Huko hatupeleki wageni, mama. Njia mbaya."

Alitoa kitambulisho kwenye pochi. Josephat alikisoma, akanyoosha mgongo.

"Samahani, afande. Tupite huku."

Iliwachukua dakika arobaini. Mwalimu Prudencia alikataa kuachwa nyuma. Josephat alimshika mkono kwenye mawe na yeye akamlipa kwa kumtajia kila mmea waliopita. Upande wa kaskazini wa Nyamabwe ni mawe matupu, makubwa kama nyumba, yaliyopandana hadi majini. Kati ya jiwe na jiwe kuna mifuko ya udongo mweusi na kivuli kizito. Hapo vipepeo walikuwa wengi. Walipaa chinichini, wakatua, wakapaa tena.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kuona ua moja. Lilikuwa ndani ya ufa wa jiwe lenye unyevu, urefu wa kiuno kutoka chini: majani ya mviringo yenye manyoya kama sikio la mbuzi mchanga, na katikati yake maua manne madogo ya zambarau yenye kitovu cha njano.

"Urujuani wa Usambara," alisema, na sauti yake ilishuka. "Koku, hili haliwezi kuja lenyewe. Halina mbegu ya kupeperuka namna hiyo."

"Usiliguse, mama."

"Siligusi. Nakuonyesha tu. Tazama pale shinani. Ufa umejazwa udongo. Umeshindiliwa kwa kidole, halafu ukawekewa kijiwe usimomonyoke." Alivua miwani yake mipya, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. "Hili limepandwa na mtu anayejua. Halipendi jua la moja kwa moja, ua hili. Amelichagulia ufa unaotazama kusini."

Kokulinda alishuka hatua tatu. Chini ya jiwe, kwenye udongo, kulikuwa na vichaka sita vya majani marefu yanayong'aa, vimefika magotini. Vilikuwa katika mstari. Kati ya kimoja na kingine palikuwa na nafasi sawa, hatua moja ndogo. Majani yalikuwa yameliwa, na kwenye jani moja kiwavi wa kijani mwenye miiba yenye matawi alikuwa anaendelea kula.

Pembeni ya mstari, chini ya jiwe bapa, alikuta vitu vyeusi vilivyokunjwa. Alivinyanyua ncha kwa kalamu. Vilikuwa viriba, vile vimfuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Sita. Vyote vilikuwa vimechanwa ubavuni kwa uangalifu ili mizizi isikatike, vikakunjwa, vikawekewa jiwe upepo usivichukue.

Ziwa lilikuwa likipiga mawe chini.

"Josephat. Mwezi wa tano mwaka jana hapa palikuwaje?"

"Mwaka jana mwezi wa tano tulifunga, afande. Ziwa lilijaa, gati ikazama. Tulihamishiwa mjini hadi mwezi wa saba. Tulikuwa tunakuja Jumatatu na Ijumaa, saa moja tu, tunalisha wanyama waliobaki kule kusini, tunaondoka."

"Na huku?"

"Huku hatukufika." Aliangalia mstari wa vichaka, kisha akamwangalia yeye. "Afande, kuna nini?"

"Mrudishe mama yangu gatini, tafadhali. Halafu usimruhusu mtu yeyote kupita njia hii."

Aliketi juu ya jiwe na gauni lake la kanisani, akampigia simu Sajenti Kashindye.

*

Jumatatu saa moja asubuhi walikuwa watu saba: Kokulinda, Kashindye, wapiga picha wawili, mtaalamu wa misitu, daktari wa serikali, na Josephat. Kashindye, msaidizi wake kwa miaka mitano, alikuwa Msukuma mrefu mwenye maneno machache, aliyeandika kila kitu kwenye daftari la shule kwa herufi kubwa.

Mtaalamu wa misitu alikata tawi moja, akahesabu vifundo. "Miezi minane. Inaweza kuwa saba na nusu. Ilipandwa ikiwa miche midogo."

"Ingeweza kuota yenyewe kutoka kwenye mzigo uliotupwa?"

"Katika mstari, afande? Hapana. Halafu tazama, kila mche umechimbiwa shimo na kuwekewa kisahani cha kushika maji. Hii ni kazi ya mikono."

Kashindye aliandika. Halafu alisema, bila kuinua kichwa, "Mtu akitupa mzigo wa marehemu, hapandi miche yake."

"Hapandi," Kokulinda alisema.

Walitafuta kwa mraba, mita mbili kwa mbili. Saa tatu mmoja wa wapiga picha aliita. Ndani ya pango dogo, mahali ambapo jiwe moja liliegemea jingine, uzi wa nailoni ulikuwa umefungwa kutoka mwamba hadi mwamba, kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye uzi huo vilining'inia vigamba vikavu, vyepesi, vilivyopasuka mgongoni. Kokulinda alivihesabu. Vilikuwa thelathini na moja. Chini yake lilikuwepo sanduku la mbao, kifuniko kimevunjika.

Awuor alikuwa ndani zaidi, mita tatu tu kutoka kwenye uzi. Alikuwa ameegemea mwamba, amejifunika koti. Miezi minane ilikuwa imebakiza mifupa, nguo, na kitambulisho cha kikundi cha Muheza kwenye kamba shingoni.

Josephat alivua kofia. "Tulikuwa tunakuja," alisema. "Jumatatu na Ijumaa."

Daktari alipiga magoti kwa muda mrefu. Aliponyanyuka, goti lake lilikuwa limeloa.

"Mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Kuna ufa mdogo kwenye fuvu, si wa kuua papo hapo. Lakini njoo uone hiki."

Mfupa uliovunjika ulikuwa umefungwa vijiti viwili, kimoja kila upande. Kamba ilikuwa ni kipande cha kanga kilichochanwa, kimezungushwa mara nyingi na kufungwa fundo mbele, mahali ambapo mkono wa mwenye mguu unafika.

"Alijifunga mwenyewe," daktari alisema.

"Aliishi siku ngapi?"

"Mifupa hainiambii hilo. Maji ya ziwa anayo hapo chini, kama aliweza kujiburuta. Siku tatu, wiki, zaidi. Sitaandika nisichokijua."

Kokulinda alitoka nje ya pango. Alikwenda hadi ukingoni, akasimama akitazama mawe yaliyoingia majini. Alikaa hapo mpaka Kashindye akamfuata.

"Nani alimleta?" aliuliza Kashindye. "Bila gati, upande huu, lazima boti ndogo."

"Tazama jiwe lile."

Kwenye jiwe la mbele, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama ndani ya boti, kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa rangi ya buluu. Kashindye aliuangalia, akaangalia maji, akaangalia tena mkwaruzo. Maji ya leo yalikuwa chini yake zaidi ya mita moja.

"Boti haifiki pale."

"Leo haifiki. Mwezi wa tano ziwa lilikuwa pale. Yeyote aliyegonga jiwe hili aligonga wakati wa mafuriko, wakati hakuna mtu aliyeruhusiwa kuja." Aliwaita wapiga picha. "Kwangueni rangi hiyo. Nataka kipande kizima."

*

Boti ya Elias Shigela ilikuwa nyeupe. Kila mtu ufukweni Ilemela alikubali hivyo, na mwenyewe alikuwa ameipa jina Subira. Kokulinda hakumfuata Elias kwanza. Alimfuata fundi.

Fundi Ojuok alitengeneza boti chini ya bati moja lililoinama, karibu na maji. Alikuwa na mikono iliyojaa utomvu wa gundi, na hakupenda polisi.

"Mzee Ojuok, shikamoo."

"Marahaba. Kama ni habari za injini za wizi, mimi sijui."

"Si injini. Subira ya Elias imekuwa nyeupe tangu lini?"

Ojuok aliendelea kusugua ubao. "Tangu nilipoipaka."

"Kabla ya hapo?"

"Buluu."

"Kwa nini ulipaka?"

"Aliniletea imepasuka mdomoni, upande wa kulia. Nikaziba, nikapaka kote ili kiraka kisionekane. Alitaka hivyo."

"Alikwambia imegonga nini?"

"Gogo. Nikamwambia gogo halikwaruzi namna ile, hilo ni jiwe. Akasema fanya kazi, mzee." Aliacha kusugua. "Ilikuwa mwezi wa tano. Nakumbuka kwa sababu maji yalikuwa yameingia hapa, nikawa nafanyia kazi kule juu barabarani. Na picha za yule binti wa Shirati zilikuwa zimebandikwa kwenye nguzo zote. Elias ndiye alikuwa anazibandika."

Hilo Kokulinda alilijua. Lilikuwa kwenye jalada kama jambo jema. Elias alizichapisha picha hizo mwenyewe. Mzee Ogweno, baba yake Awuor, alipokuja kutoka Shirati kumtafuta mwanawe, alilala kwa Elias siku tisa. Elias alimzungusha hospitali, stendi, na vyumba vya maiti, akimshika mkono kwenye ngazi.

Chini ya rangi nyeupe, Kashindye alipokwangua kwa kisu, ilitoka buluu.

*

Walimkamata Jumanne asubuhi akifua makoti ya kuokolea maisha ufukweni. Hakukimbia. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mnene kiasi, mwenye uso wa kirafiki ambao watalii waliupenda. Aliomba aruhusiwe kuyaanika makoti kwanza. Walimruhusu.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha moja. Kokulinda alimsomea onyo: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Kashindye alifungua daftari.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Mwezi wa tano ulisema Awuor hakushuka Nyegezi."

"Ndivyo nilivyoona."

Kokulinda aliweka picha ya kwanza mezani: mkwaruzo wa buluu juu ya jiwe. Ya pili: ubavu wa Subira, rangi mbili. Elias alizitazama. Aliinua kidole kama anayetaka kugusa, akakirudisha.

"Mmefika kule," alisema.

"Tumefika."

Nje mtu alikuwa anaosha gari na redio ilikuwa imefunguliwa.

"Haikuwa makusudi," alianza. "Wallahi... Mungu ananiona, haikuwa makusudi. Alishuka asubuhi, kachoka, lakini akataka tupaone kisiwani kwanza. Alisema hawezi kushauri bustani bila kuona kivuli. Nikajua hifadhi imefungwa, nikasema tutapita nyuma, nusu saa tu. Upepo ukatuchukua. Boti ikagonga, akarushwa kwenye mawe. Kichwa kilitoa damu nyingi, afande. Nyingi sana."

"Ukafanya nini?"

"Nilimtoa majini. Nikamweka juu na mzigo wake. Alikuwa amekwisha kufa. Mwaka wa nyuma nilikuwa nimepoteza abiria, alizama, wakaniambia nikirudia, leseni basi, na jela juu. Nina watoto wanne. Nikaogopa. Alikufa palepale, afande, hakuteseka. Hilo mwambieni baba yake."

"Alikufa palepale."

"Palepale."

Kokulinda aliweka picha ya tatu. Vichaka sita katika mstari.

"Hii ni nini?" Elias aliuliza.

"Miche aliyokuja nayo. Imepandwa. Kila mmoja na shimo lake." Aliweka ya nne. "Viriba. Amevikunja na kuviwekea jiwe." Ya tano. "Pupa wake. Amewafungia uzi mahali pakavu, mmoja mmoja, kama wanavyofanya Muheza. Thelathini na moja walitoka salama. Wajukuu zao wanaruka kule mpaka leo. Mama yangu amewaona."

Elias alikuwa ameanza kutikisa kichwa, polepole.

Kokulinda aliweka ya sita, akaizungusha ili imtazame yeye. "Na huu ni mguu wake. Hivi vijiti nani alifunga, Elias? Wewe?"

"Hapana."

"Basi maiti amejifunga mguu, akapanda miche sita, akatundika pupa. Nieleweshe."

Elias alifunika uso kwa viganja. Kashindye alimsogezea glasi ya maji. Hakuinywa.

"Nilimwambia nakwenda kuleta watu," alisema ndani ya viganja.

"Sema tena. Sajenti anaandika."

Alishusha mikono. "Alikuwa hai. Alikuwa anaongea. Mguu umevunjika, damu kichwani, lakini anaongea. Nikamwambia kaa hapa, dada, nakwenda mjini, narudi na watu. Akaniambia nisiharakishe, upepo ni mbaya, nisije nikazama mimi. Nilikuwa na nia ya kurudi. Nilipofika ufukweni nikawaona askari wawili wa majini wanakagua boti. Nikasema ngoja waondoke. Halafu ikawa jioni. Halafu nikasema kesho."

"Na kesho?"

"Kesho nikasema hata nikienda, nitasema nini? Kwamba nimemwacha siku nzima?"

"Hukurudi kabisa?"

Kokulinda alimsubiri. Alikuwa amejifunza zamani kwamba swali zuri likishaulizwa halihitaji msaada. Redio nje ilizimwa, ndoo ikagonga sakafu.

"Nilirudi," Elias alisema. "Siku ya tatu. Mchana. Nilibeba koleo na turubai. Nilidhani amekwisha kufa, nilitaka kumzika vizuri. Nilizima injini nyuma ya mawe, boti ikawa inaelea tu."

"Ukaenda juu?"

"Sikufika. Nilisikia sauti."

"Alikuwa analia?"

"Hapana." Alimtazama Kokulinda kwa mara ya kwanza tangu waketi. "Alikuwa amesikia injini. Akawa ananielekeza. Kama unavyomwelekeza mgeni anayeitafuta nyumba. 'Kaka Elias, niko huku. Pita kushoto, huko kulia kunateleza. Waambie na wenzako.' Alidhani nimekuja na watu."

"Ukafanya nini?"

"Nikawasha injini."

"Ukaenda wapi?"

"Nikarudi nyumbani. Mzee Ogweno alikuwa amefika asubuhi ile. Alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri twende hospitali."

Kalamu ya Kashindye ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Andika," Kokulinda alimwambia.

"Afande, hayo maneno ya yule binti..."

"Yaandike yote, kama alivyoyasema. Kushoto, kulia, yote. Kesho nakwenda Shirati. Baba yake ataniuliza, na sitamjibu kwa kubahatisha."

Kashindye aligeuza ukurasa. Elias alirudia maneno hayo mara mbili, polepole, ili sajenti asikose neno. Kisha Kokulinda alimsomea maelezo, akampa kalamu, naye akatia sahihi chini ya kila ukurasa.